Alizeti – Panda

Bwana Shamba hana shamba. Hili tulimalize mapema, maana wageni wa mtaa huuliza, na yeye huchoka kueleza. Jina lilimganda kazini, enzi alipokuwa akizunguka vijijini na baiskeli ya serikali akiwafundisha watu kupima nafasi kati ya shina na shina. Alipostaafu alirudisha baiskeli, akarudisha buti, akarudisha hata kamba ya kupimia. Jina hakuna aliyemdai, akabaki nalo. Sasa ana miaka sitini na sita, anaishi mjini nyuma ya hospitali kubwa, nyumba ya vyumba vitatu na kingine cha kupangisha uani, na ardhi yote aliyo nayo duniani inatosha juu ya meza ya kulia.

Nasema kweli, inatosha. Ni ubao wa plaiwudi alioupaka rangi mwenyewe. Mto wa buluu unapita katikati ukijipinda kupita kiasi, kwa sababu siku ile mkono ulimtetemeka, akaona heri awe na mto wenye kona kuliko kuanza upya. Kila mchezaji ana vipande sita vya ardhi, mkokoteni mmoja na mbegu za kuanzia, mbegu kwelikweli, za mahindi, maharage na karanga, zinazokaa kwenye vikopo vya dawa. Unatia mbegu, unasubiri kadi ya mvua, unavuna, halafu ndipo kazi inapoanza, maana mavuno peke yake hayakufikishi popote. Mwenzako ana mbao, wewe una maharage, basi ongeeni. Anayetangulia kusimamisha ghala, daraja na mashine ya kukoboa ndiye mshindi, na daraja hulijengi peke yako hata ukiwa na mbao za kujaza chumba. Sheria inataka watu wawili, mmoja kila ng'ambo.

Pembeni mwa mto ipo ngazi ya bei. Ni kipande cha mbao chenye matundu kumi kwa kila zao, na njiti ya kibiriti husimama kwenye tundu la bei ya leo. Wachezaji wote wakitia mbegu za aina moja, njiti inashuka matundu matatu kwa mpigo. Hiyo ndiyo sheria namba moja kwenye daftari lake, na ameipigia mstari mara mbili.

Miaka sita anautengeneza mchezo huu. Ukimuuliza wa nini, atakwambia ni wa shule, siku moja watoto watajifunzia kilimo na biashara. Shule hajaenda hata moja.

Kadi ziliandikwa na mkewe, na hapa lazima nimtendee haki mama huyu, kwa sababu bila yeye mchezo usingesomeka. Mwandiko wa Bwana Shamba ni kama wa kuku aliyekanyaga wino. Mkewe alikuwa karani wa masjala miaka ishirini na sita, akiandika majina juu ya majalada, herufi kubwa zilizosimama wima, kila moja na nafasi yake. Kadi zenyewe alizikata kwenye majalada mabovu yaliyokuwa yakitupwa, yale ya buluu iliyopauka. Kucheza hachezi. Anasema ameshaishi na mwenye sheria zake miaka arobaini, hana haja ya kumfuata mpaka mezani. Lakini hukaa kwenye kona ya meza na kazi yake ya kufuma, mafungu ya kadi yako mbele yake, na yeye ndiye anayezichanganya na kusogeza njiti za bei. Kwa hiyo kwenye mchezo wanamwita Soko.

"Soko, karanga bei gani leo?"

"Tundu la sita. Na usinikodolee macho, sikuzipanga mimi."

Wachezaji ni watatu, kila Jumamosi, saa kumi jioni. Yupo Bwana Shamba mwenyewe. Yupo Fundi Saa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwema ila ana mkono wa birika hata kwa maharage yasiyoliwa: hujaza ghala lake mpaka panya wa kwenye kadi wanamjua kwao. Na yupo Nesi, mpangaji wa chumba cha uani, msichana wa wodi ya macho pale hospitali. Usidanganyike na sauti yake ya kubembeleza wagonjwa. Ukimpa nafasi kwenye biashara atakuuzia maji ya mto wako mwenyewe, na utamshukuru.

Nesi ndiye aliyegundua mambo mawili.

La kwanza, aliliuliza siku moja akiwa anapanga mbegu. "Baba, mbona hakuna alizeti? Huko kwenu si ndiko kwenye alizeti?"

"Nafasi haikutosha."

"Nafasi ipo. Tazama, hapa kando ya njia unaweza ukaweka..."

"Nesi, cheza."

La pili lilimchukua muda zaidi. Kila aliposema "nipande mahindi", Bwana Shamba alimsahihisha. "Utie mbegu." Kila Fundi Saa aliposema bei imepanda, alisahihishwa na yeye. "Imekwenda juu." Nesi akadhani ni masihara ya wazee, akaanza kumchokoza.

"Baba, mtu akitia mbegu ardhini, si amepanda?"

"Ametia mbegu."

"Na bei ikitoka tundu la nne ikaenda la saba?"

"Imekwenda juu."

Siku hiyo Nesi alichukua fungu zima la kadi, akazipitia moja moja, themanini na kitu. Neno panda halikuwemo hata mahali pamoja. Mchezo mzima wa kilimo na biashara, na neno linalofanya kazi zote mbili halikupewa hata kadi. Akamtazama mama. Mama alikuwa akihesabu mishono, na alihesabu kwa sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

Basi nitasema mimi, kwa kuwa mle ndani hakuna aliyekuwa tayari kusema.

Miaka kumi na minne kabla ya hapo, Bwana Shamba alikuwa amepangiwa kijiji alichozaliwa mkewe. Kaka wa mkewe, shemeji yake, ndiye aliyekuwa rafiki yake kuliko watu wote. Huyo ndiye aliyemsemea kwa wakwe wakati hana mbele wala nyuma, na ndiye aliyekuwa akimcheka hadharani na kumtetea akiwa hayupo. Kila Jumatatu asubuhi Bwana Shamba aliandika bei za mjini kwenye kibao cheusi kilichotundikwa ukutani kwenye ghala la ushirika, ili watu wajue zao gani liko juu na lipi liko chini. Aliandika kwa kifupi. Jumatatu moja ya mwanzo wa msimu, kibao kilisomeka hivi:

MAHINDI – SHUKA
MAHARAGE – ILE ILE
ALIZETI – PANDA

Alimaanisha bei. Ya mahindi imeshuka, ya alizeti imepanda, na bei ikipanda namna ile mtu mwenye akili husubiri aone. Kijiji kikasoma amri. Bwana Shamba kasema alizeti, panda. Nao wakapanda, kuanzia mtoni mpaka barabarani, njano tupu, na vijiji vya jirani navyo vikaiga. Wakati wa mavuno bei ilianguka mpaka wenye kinu cha mafuta wakaacha kununua. Alizeti ililala kwenye magunia mpaka ikavunda. Shemeji mtu, aliyekuwa amegeuza ekari zake zote, aliuza ng'ombe wake wawili wa kulimia ili nyumba ipate mahindi ya kula.

Kikaitishwa kikao mle ghalani. Bwana Shamba alisimama mbele ya watu. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomponza. Akasema, "Mimi niliandika bei. Sikuwaambia mpande. Siku nyingine msome vizuri."

Shemeji alinyanyuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hajaongea naye tangu siku hiyo. Mwaka uliofuata Bwana Shamba akahamishwa, baadaye akastaafu, wakahamia mjini, na shemeji hakuwahi kukanyaga kizingiti chao.

Kwa hiyo alipouchora ule ubao hakuwa akiwatafutia watoto wa shule cha kujifunza. Alikuwa akitafuta pale alipokosea. Kila Jumamosi alicheza ule msimu upya, na kila Jumamosi jibu lilitoka lile lile, akaishia kulipigia mstari kwenye daftari.

Sasa, mwezi uliopita, mkewe aliingia kutoka uani akifuta mikono, akamkuta anapiga msasa mkokoteni mdogo wa mbao.

"Kaka anakuja Jumapili," akasema. "Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nesi amempatia nafasi. Jumatatu wanamtengeneza moja."

Bwana Shamba aliendelea kupiga msasa mahali palipokwisha kulainika. "Atafikia wapi?"

"Hospitali iko nyuma ya ukuta wetu. Unataka nikampangie gesti?"

"Sijasema hivyo."

"Ndiyo, hujasema. Kusema siyo kazi yako." Akavuta kiti, akakaa, na alipokaa Bwana Shamba alijua hili ni la kusikiliza. "Sikiliza, mume wangu. Nikienda nyumbani namwambia kaka, shemeji yako anakusalimu. Nikirudi nakwambia wewe, kaka anakusalimu. Miaka kumi na minne. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunituma. Natunga mwenyewe njiani. Nimechoka kutunga."

Bwana Shamba akaweka msasa chini. Alikuwa akizipokea zile salamu miaka yote hiyo, na nikwambie ukweli, zilikuwa zikimpa usingizi.

"Atakaa siku saba," mkewe akaendelea. "Akiondoka hivi hivi, basi, kwa umri wetu huu sitegemei arudi. Mtazikana mkiwa hamsemeshani, na mimi nitakaa katikati kwenye misiba yote miwili."

"Mimi niliandika be..."

"Ukiitamka hiyo sentensi mbele ya kaka yangu," akasema, wala hakupaza sauti, "kadi zako utaandika mwenyewe."

Shemeji alikuja Jumapili, mrefu kama zamani ila amepungua, akishika ukuta kwa vidole. Alimsalimia dada yake, akamsalimia Nesi, akamwambia Bwana Shamba "habari za hapa" kama anayesalimia karani wa posta. Jumatatu akatengenezwa jicho la kulia. Jumanne bandeji ikatolewa, wakamrudisha na kikopo cha dawa na masharti: asiiname, asinyanyue kitu, asijaribu kusoma, na dawa itiwe mara nne kwa siku.

Tone la asubuhi na la jioni alitia Nesi. La usiku alitia dada yake. La mchana lilikosa mtu, maana Nesi alikuwa wodini na mama alikuwa na safari zake za ghafla za mchana ambazo mpaka leo hajazieleza. Likamwangukia Bwana Shamba. Fikiria wewe wanaume wawili waliokatiana salamu miaka kumi na minne, mmoja amekaa kwenye kiti uso juu, mwingine amemwinamia na kikopo, pumzi kwa pumzi.

"Tazama juu."

"Natazama."

"Usipepese."

"Sipepesi."

Hayo ndiyo maongezi yao ya Jumanne. Ya Jumatano yalikuwa hayo hayo. Alhamisi Bwana Shamba alijikaza, akafungua mdomo baada ya tone, akasema, "Shemeji," na shemeji akasema, "Naam," na kilichokuja mdomoni mwa Bwana Shamba ilikuwa ile sentensi aliyokatazwa. Akaimeza. "Usilifikiche," akasema. Ijumaa hakujaribu kitu. Alirudi chumbani akakaa kitandani, mtu mzima, akataka kulia. Alimpenda shemeji yake, na alikuwa amebakiwa na siku mbili tu za kuwa naye.

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika chache, mke wa Fundi Saa alichungulia dirishani. Fundi ameitwa kutengeneza saa ya ukutani ya ofisi fulani, wanataka iwe tayari Jumatatu, leo msimtegemee.

Bwana Shamba akaanza kufunga sanduku. "Basi hatuchezi. Wawili hawafanyi soko."

"Mjomba si yupo?" akasema Nesi. "Mjomba, njoo utie mkono."

Shemeji alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. "Mchezo wenyewe unasomwa. Mimi hata sahani yangu naipapasa."

"Utasomewa," akasema dada yake. Akavuta kiti, na akakivuta upande wa mumewe. "Kaa hapa. Mwenye mchezo atakusomea."

Nyumba ile ina heshima zake, na mama akishavuta kiti hakirudi. Shemeji akakaa. Bwana Shamba akavaa miwani, akamweleza sheria kwa sauti ya ofisini, akamshika mkono kumwonyesha vipande vyake sita, mto, njia na ghala. Vidole vya shemeji vilipita juu ya rangi taratibu.

"Mto gani huu unakwenda kama mlevi?" akauliza.

"Mkono ulitetemeka."

"Hm," akasema shemeji. Lakini pembe ya mdomo ilisogea kidogo, na wote mezani waliiona.

Wakacheza. Shemeji alikuwa akichukua kadi, anamkabidhi Bwana Shamba bila kumgeukia, naye anaisoma.

"Mvua imechelewa. Ngoja zamu moja."

"Nimezoea."

"Panya wameingia ghalani. Toa maharage mawili."

"Hao nawafahamu mpaka kwa jamaa zao."

Kisha Nesi akamletea biashara zake. Mjomba, nakupa karanga mbili unipe mbao tatu, nakuonea huruma tu kwa sababu ya jicho. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, mwanangu, mimi nimeuza mbuzi minadani kabla mama yako hajazaliwa. Nipe karanga nne, na huruma yako ubaki nayo, utaihitaji. Nesi akatoa karanga nne. Bwana Shamba alicheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakizuia, kile cha zamani, na shemeji akageuza uso upande wake mara ya kwanza tangu Jumapili.

Zamu ikaja tena. Mama alisogeza fungu la kadi mbele ya kaka yake. Shemeji akachukua ya juu, akaipitisha. Bwana Shamba akaiinua kwenye mwanga.

Ilikuwa kadi mpya, buluu ileile iliyopauka, herufi kubwa zilizosimama wima. Hata kistari kilikuwa pale pale.

ALIZETI – PANDA

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akifuma.

"Inasemaje?" akauliza shemeji.

Nesi akanyoosha shingo, akaisoma kwa macho, na kwa mara moja katika maisha yake akafunga mdomo. Mama akatia mkono kwenye mfuko wake wa nyuzi, akatoa kibiriti, akakifungua juu ya ubao. Ndani yake zilikuwemo mbegu za alizeti.

"Shemeji, nimekuuliza. Inasemaje?"

"Alizeti," akasema Bwana Shamba. "Kistari. Panda."

Shemeji aliweka viganja vyote viwili mezani. Nje kulikuwa na mtu anapiga pampu ya baiskeli, wakamsikia mpaka akamaliza.

"Maana yake nini?" akauliza. "Bei, au mbegu?"

Ile sentensi ilikuja. Ilikuja tayari, imenyooka, imekaa miaka kumi na minne ikisubiri kuulizwa hivyo hivyo. Bwana Shamba aliisikia kooni, na kwa mara ya kwanza ilimchosha.

"Haijulikani," akasema. "Anayesoma hawezi kujua. Aliyeandika alitakiwa aandike 'bei imepanda'. Maneno mawili." Akavua miwani, akaishika. "Kila mtu nilimwambia kibao kilikuwa kidogo. Kilikuwa na nafasi, shemeji. Kilikuwa na nafasi ya mistari mingine minne. Niliandika kifupi kwa uvivu, chai ilikuwa inanisubiri. Halafu nikasimama mbele yenu nikawaambia msome vizuri."

Mishono ya mama ilisimama.

"Nilisoma vizuri," akasema shemeji.

"Najua, ndiyo maana nasema..."

"Hujui. Tulia." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Juu yake palikuwa pameandikwa mahindi, shuka. Nani duniani anashuka mahindi? Nilisoma, nikajua ni bei. Nilijua pale pale. Nikaona alizeti iko juu, tamaa ikanipanda. Lakini lori la kinu haliji kwa mtu mmoja, lazima muwe wengi. Na wale wazee wasiokuwa na miwani walikuwa wamesimama nyuma yangu wananiuliza, kimeandikwa nini leo? Nikawaambia, Bwana Shamba anasema tupande. Nikawaambia mimi namjua, ni shemeji yangu."

Nesi alikuwa ameshika mkokoteni wake hewani na amesahau kuuweka.

"Ulipokaa kimya kwenye kikao kile..." akaanza Bwana Shamba.

"Ningesema nini? Wewe unasema tusome vizuri, mimi ndiye niliyesoma. Wangenitafuna. Nikachukua kofia. Nyumbani nikawa nangojea uje nikwambie, nikangoja, hukuja, ukahamishwa, na kila mwaka ikawa nzito kuliko mwaka uliopita. Dada akija na salamu zako nashindwa kumtazama usoni." Akapangusa chini ya jicho lile lililotengenezwa, kwa ncha ya kidole, kama alivyoelekezwa. "Lakini na wewe. Ng'ombe wale ulikuwa ukiwalisha mkononi. Walipoondoka ulikuwepo, umesimama barabarani na baiskeli yako, ukatazama. Sikutaka unilipe. Hata pole hukunipa."

Bwana Shamba akakubali kwa kichwa. Kisha akakumbuka mwenzake haoni vizuri, akasema, "Ni kweli."

Mwishowe Nesi, maana zamu ni zamu, akauliza taratibu, "Sasa kadi hii tunaichezaje?"

Bwana Shamba alifikiri. Akavuta daftari la sheria, akamsogezea mkewe. "Andika. Anayechukua kadi hii atasema mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie, ni bei au ni mbegu. Akishasema, ni neno lake, hamsingizii mtu mwingine."

Mama akaandika. Mwandiko ulikuwa ule ule uliosimama wima, ingawa mstari wa mwisho ulipinda kidogo.

"Haya, shemeji," akasema Bwana Shamba. "Ni ipi?"

"Mbegu," akasema shemeji. "Napanda."

Bwana Shamba hakumsahihisha. Akachukua kile kibiriti, akamhesabia mbegu kwenye kiganja: moja, mbili, tatu. Akatulia. Akaongeza moja.

"Baba," akasema Nesi, "hizo ni nne. Sheria inasema tatu."

"Najua."

"Nasema tu, kwa sababu mimi juzi ulininyang'anya..."

"Tatu ni za sheria," akasema Bwana Shamba. "Ya nne ni pole."

Shemeji alikifunga kiganja. Akakaa hivyo muda, ngumi juu ya meza, kisha akaupapasa ubao kwa mkono mwingine, akavuka njia, akakuta mto ule wa kilevi, akaufuata mpaka kwenye vipande vyake. Akaziweka moja moja. Ile ya nne aliitafutia sehemu yake peke yake, ukingoni mwa mto, akaibonyeza kwa kidole kama vile ubao ungeweza kuimeza.

"Zamu ya nani?" akauliza.

Ilikuwa zamu ya Bwana Shamba, lakini ilibidi wamsubiri kidogo. Alikuwa anafuta miwani.